Siku Tatu za Arsinoe: Ikhtilafu ya Kale juu ya Kuusoma Unabii

Kusini-magharibi ya mahali ulipo leo mji wa Kairo, mwendo wa kilomita mia moja hivi, liko bonde la Fayumu, ambalo maji ya mto Nili huliingia kwa mfereji mkongwe na kulifanya nchi ya mashamba iliyozungukwa na jangwa; na katika bonde hilo ulisimama zamani mji ulioitwa Arsinoe, na kandokando yake vijiji vya wakulima wa ngano, zabibu na zeituni. Katikati ya karne ya tatu baada ya kuzaliwa Kristo, vijiji hivyo viliingiwa na ikhtilafu iliyoyagawanya makanisa na kuwatenga ndugu na ndugu, na sababu yake haikuwa mali, wala cheo, wala mpaka wa shamba. Walikhitilafiana juu ya namna ya kuusoma unabii: je, ahadi ambazo Mungu alizitoa kwa vinywa vya manabii, pamoja na ile miaka elfu ya ufalme inayotajwa katika sura ya 20 ya Ufunuo wa Yohana, zitatimia juu ya ardhi hii kama zilivyoandikwa, neno kwa neno, au dhahiri ya maneno hayo ina batini ndani yake, ipasayo kufahamiwa kwa njia ya kiroho?

Swali hili halikuanza Arsinoe wala halikuishia huko. Limeandamana na Ukristo tangu ujana wake hata leo, na kila kizazi kimelijibu kwa kadiri ya taabu zake na matumaini yake, wengine kwa elimu, wengine kwa machozi, na wengine, kwa masikitiko makubwa, kwa upanga. Nimeona vema kuisimulia habari yake kwa kirefu, na kuliweka bonde la Fayumu katikati ya masimulizi, kwa sababu, nionavyo mimi, katika karne zote hizo hapana mahali palipotolewa mfano bora kuliko huo wa jinsi waumini wapasavyo kulishughulikia jambo zito ambalo Maandiko yenyewe hayakulikatia shauri.

Insafu yataka tuanze na wale walioishika dhahiri ya maneno, maana wao ndio waliotangulia, na hawakuwa wajinga wala wapotovu. Papia, askofu wa Hierapoli katika Asia Ndogo mwanzoni mwa karne ya pili, alihifadhi mapokeo aliyoyapata kwa wazee, kwamba itakuja siku ambapo kila mzabibu utatoa matawi elfu kumi, na vitawi na vishada na matunda yake nayo yatazidi kwa maelfu hayohayo. Yustino, mwanafalsafa aliyeuawa huko Roma kwa ajili ya imani yake karibu na mwaka 165, aliamini kwamba Yerusalemu utajengwa upya, na watakatifu waliofufuliwa watakaa humo miaka elfu. Walakini katika kitabu hichohicho alichoyaandika hayo alikiri waziwazi kwamba wapo Wakristo wengi, safi wa imani na wacha Mungu, wasiokubaliana naye. Kauli hiyo ya Yustino inastahili kukumbukwa, kwa kuwa inatuonyesha ya kuwa karne moja kabla ya ugomvi wa Arsinoe rai hizo mbili zilikaa pamoja katika kanisa moja, na mwenye hii hakumwita mwenye ile kafiri.

Ireneo, askofu wa Lyon katika nchi iitwayo leo Ufaransa, aliitia nguvu hoja ya dhahiri kwa sababu ambayo hata sasa haidharauliki. Mji wake uliona mateso makali mwaka 177, ambapo Wakristo walitupwa mbele ya hayawani wa mwitu katika uwanja wa michezo. Naye alipoandika kitabu chake kikubwa dhidi ya uzushi, miaka michache baadaye, alisema kwamba ni haki wenye haki wapate thawabu yao katika uumbaji uleule ambamo walitaabishwa, na watawale palepale walipotumikishwa. Aidha, alikuwa akishindana na watu waliofundisha kwamba mwili na dunia ni vitu duni, kazi ya muumba mwingine asiye Mungu wa kweli. Na mtu ashindanaye na itikadi ya namna hiyo hawezi kwa urahisi kuzigeuza ngano, zabibu na mji wa manabii kuwa mafumbo ya rohoni tu, maana atakuwa amewapa wapinzani wake silaha yake mwenyewe.

Lakini njia hiyo ilikuwa na hatari yake, nayo ilidhihiri mapema. Hipoliti, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya tatu ufafanuzi wa kitabu cha nabii Danieli, ulio wa kwanza kabisa katika fafanuzi za Kikristo za Maandiko zilizotufikia, anasimulia visa viwili vya zama zake. Katika nchi ya Shamu kiongozi mmoja wa kanisa aliwashawishi watu wake watoke, wanaume kwa wanawake pamoja na watoto, waende jangwani kumlaki Kristo. Wakatangatanga milimani, hata mtawala wa nchi akakaribia kuwaua kwa kuwadhania wanyang'anyi, na kilichowaokoa ni mke wa mtawala huyo, aliyekuwa muumini, akamsihi mumewe. Katika nchi ya Ponto kiongozi mwingine, mcha Mungu na mnyenyekevu, ila mwenye kuzitegemea ndoto zake kuliko Maandiko, aliwatangazia ndugu zake kwamba hukumu itakuja kabla ya mwaka kwisha. Watu wakayaacha mashamba bila ya kuyalima, na wengi wakauza mali zao. Mwaka ukapita, kiongozi akafedheheka, wasichana wakaolewa, wanaume wakarudi kulima, na wale waliouza vyao kwa pupa wakaonekana mwishowe wakiomba.

Iskanderia, mji mkuu wa ilimu katika pwani ya Misri, ulikuwa na desturi nyingine. Tangu zama za Filo, Myahudi mwenye hekima aliyeishi wakati mmoja na mitume, wanazuoni wa mji huo walizoea kuyasoma maandiko matakatifu kama maneno yenye tabaka, ya juu kwa msomaji wa kawaida na ya ndani kwa mwenye kutafakari. Mrithi mkuu wa desturi hiyo miongoni mwa Wakristo alikuwa Origene, aliyezaliwa karibu na mwaka 185, ambaye baba yake, Leonida, aliuawa kwa ajili ya imani mwaka 202, kijana mwenyewe akiwa hajatimiza umri wa miaka kumi na saba. Naye akaishi maisha ya kusoma, kufundisha na kufunga, akitamka maneno ya vitabu vyake mbele ya waandishi waliozidi saba, waliopokezana kwa zamu. Origene alifundisha kwamba, kama mtu alivyo mwili, nafsi na roho, ndivyo na Maandiko yalivyo na maana tatu, na kwamba Mungu ametia makusudi katika maneno yake mahali pa kujikwaa, ili msomaji asitosheke na tabaka ya juu.

Hoja yake juu ya unabii ilikuwa nzito. Wayahudi wasiomkubali Yesu, alisema, walisimama juu ya dhahiri ya manabii: walitazamia kumwona mbwa-mwitu akilisha pamoja na mwana-kondoo, mateka wakifunguliwa na mji wa Mungu ukijengwa, na mambo hayo yasipoonekana kwa macho wakakata shauri kwamba aliyetazamiwa hajaja. Kwa hiyo Mkristo anayengoja mji wa vito vya thamani, karamu na ndoa za miaka elfu, alionekana kwa Origene kuwa amelirudia kosa lilelile kwa mlango mwingine. Yote hayo yana uzito. Ila njia ya Iskanderia nayo ilikuwa na dosari ambayo wapinzani wake waliiona mara moja: ikiwa kila neno laweza kumaanisha jingine, ni nani atakayemzuia msomaji asitie ndani ya Maandiko mawazo yake mwenyewe, kisha akayatoa kana kwamba ameyakuta humo?

Basi tuvirudie vijiji vya Fayumu. Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru watu wa dola yote ya Roma waitolee miungu sadaka, na kila mmoja apate hati ya kuthibitisha kwamba ametii. Na nyingi katika hati hizo zilizosalia zimefukuliwa katika mchanga wa bonde hili, hasa katika kijiji cha Theadelphia. Ni vipande vidogo vya mafunjo, na maneno yake yanafanana: mwombaji anataja jina lake na kijiji chake, anawaarifu walioteuliwa kuzisimamia sadaka kwamba siku zote amekuwa akiitolea miungu, na kwamba sasa, mbele ya macho yao, amemimina kinywaji na kuonja sadaka, kisha anawaomba watie sahihi, na chini yake sahihi imetiwa, na tarehe ya mwezi imeandikwa. Mkristo wa kijijini aliyeikataa hati hiyo alikabili kifungo, mateso au mauti, na aliyeichukua alibaki na jeraha katika dhamiri yake. Watu wa namna hiyo, waliolemewa na kodi ya Kaisari na hofu ya askari wake, walipoambiwa kwamba iko miaka elfu inayokuja ambamo wanyonge watatawala na nchi itawazalia wao wenyewe, hatuwezi kuwalaumu kwa kulipokea neno hilo kwa mikono miwili.

Aliyewaambia hayo ni askofu wao, Nepos, ambaye aliandika kitabu cha kuwapinga wafasiri wa mafumbo, akidai kwamba ahadi za Maandiko zitatimizwa juu ya ardhi, kwa miaka elfu ya furaha za mwilini. Kitabu kilienea, na walikuwako walimu waliokithamini kuliko Injili na Nyaraka, wakiwaahidi watu kwamba siri kubwa imefichika ndani yake. Nepos akafariki, lakini wafuasi wake, wakiongozwa na mtu aitwaye Korakion, walizidi kuishika itikadi hiyo, hata yakatokea mafarakano, na makanisa mazima yakajitenga.

Habari hiyo ikamfikia Dionisi, askofu wa Iskanderia, aliyekuwa mwanafunzi wa Origene, kisha mkuu wa shule ya kanisa katika mji huo, na ambaye alishika kiti cha uaskofu tangu karibu na mwaka 247 hata alipofariki yapata mwaka 264. Huyu hakuwa mwanachuoni wa faragha tu. Alikamatwa katika mateso ya Decius, na katika zama za Kaisari Valerian alipelekwa uhamishoni. Kwa cheo chake angeweza kuandika waraka wa laana na kuupeleka kwa mjumbe, nao ungesomwa makanisani, na jambo likaonekana kwamba limekwisha. Hakufanya hivyo. Alifunga safari akaenda mwenyewe mpaka Arsinoe, akawaita makasisi na walimu wa vijijini, na ndugu wengine wote waliotaka kuhudhuria, akawasihi kwamba jambo hilo lichunguzwe hadharani. Wao wakakileta kitabu cha Nepos, ambacho kwao kilikuwa ngao na ukuta usiobomoka. Naye akaketi pamoja nao siku tatu mfululizo, tangu asubuhi hata jioni, wakikipitia.

Yaliyopita katika siku hizo Dionisi aliyasimulia kwa kalamu yake, na maneno yake yalihifadhiwa na Eusebi, askofu wa Kaisarea, katika historia ya kanisa aliyoiandika mwanzoni mwa karne ya nne. Linalostaajabisha katika masimulizi hayo ni kwamba sehemu kubwa yake ni sifa kwa wapinzani. Anasema aliuona utulivu wao, na kuipenda kwao kweli, na wepesi wao wa kuifuata hoja, na akili zao. Kwamba maswali yaliulizwa kwa taratibu, mashaka yakaelezwa, na palipopatikana makubaliano pakakubaliwa. Kwamba pande zote mbili zilijizuia kuzing'ang'ania kwa ubishi rai zao za zamani pindi zilipoonekana kuwa si sahihi. Na kwamba hawakuona haya kubadili mawazo yao hoja ilipowashinda, bali waliyapokea kwa moyo mweupe yale yaliyothibitishwa kwa Maandiko matakatifu. Hatimaye Korakion mwenyewe, aliyekuwa kiongozi wa itikadi ile, alikiri mbele ya ndugu wote waliohudhuria kwamba amekinaishwa, na kwamba tangu siku ile hataishika, wala hataijadili, wala hataifundisha tena. Na ndugu wengine wakafurahi kwa mashauriano hayo na kwa upatanisho uliopatikana kwa wote.

Ni kweli kwamba habari hii imetufikia kwa kalamu ya yule aliyeshinda, na upande wa pili hauna waraka uliosalia. Lakini mshindi anayetafuta fahari hujisifu mwenyewe na kuwadunisha alioshindana nao, ilhali huyu amewasifu wakulima na makasisi wa vijiji kwa akili zao, na hata Nepos, ambaye kaburi lilikwisha kumnyamazisha, alimtaja kwa taadhima. Alisema anampenda Nepos kwa imani yake, kwa bidii yake, kwa kuyasoma kwake Maandiko, na kwa nyimbo za ibada alizowaachia ndugu, ambazo wengi wangali wakifurahi kuziimba. Ila kweli ni ya kupendwa na kutukuzwa zaidi. Kama Nepos angekuwa hai na kunena kwa kinywa tu, yangetosha mazungumzo ya mdomo. Lakini kwa kuwa mafundisho yake yameandikwa na kusambazwa, nayo yanawavuta watu wazitazamie katika ufalme wa Mungu furaha ndogo zenye kufa, imempasa kujibu kwa maandishi. Hivyo akaandika vitabu viwili juu ya ahadi za Mungu.

Katika kitabu cha pili alikigusa Kitabu cha Ufunuo chenyewe, na hapo pia alionyesha staha na ushujaa kwa pamoja. Walikuwapo kabla yake waliokitupilia mbali, wakisema ni kazi ya Kerinto mzushi. Dionisi alisema hathubutu kukikataa kitabu ambacho ndugu wengi wanakithamini. Alikiri kwamba akili yake haikifikii kina chake, na kwamba asiyoyafahamu hayahukumu kuwa hayana maana. Kisha akayachunguza maneno yake kwa ilimu ya lugha, akabainisha kwamba Kiyunani cha Injili ya Yohana ni safi, ilhali cha Ufunuo kina makosa ya sarufi mahali pengi, akatoa rai kwamba walioviandika vitabu hivyo ni watu wawili mbalimbali wenye jina moja, na kutaja habari kwamba huko Efeso yapo makaburi mawili yanayoitwa ya Yohana. Hoja hiyo wanazuoni wa zama zetu wangali wakiitumia, ijapokuwa aliyeitoa aliitoa karibu miaka 1,760 iliyopita.

Ikhtilafu haikufia Arsinoe. Huko Antiokia ya Shamu iliinuka shule iliyoitilia shaka njia ya Iskanderia, na mmoja wa wakuu wake, Teodori wa Mopsuestia, aliyefariki mwaka 428, alishika kwamba nabii husema kwanza na watu wa zama zake, hata katika Zaburi zote 150 akakubali nne tu kuwa zilimtabiri Kristo moja kwa moja. Hapa msomaji aangalie vizuri, maana dhahiri ya Teodori na dhahiri ya Nepos si moja: Nepos aliyachukua maneno ya manabii kama habari za siku zijazo, ilhali Teodori aliyarudisha kwenye vita, wafalme na uhamisho wa Wayahudi wa kale. Basi asemaye leo kwamba yeye anaifuata dhahiri tu ya Maandiko hajatuambia bado ni dhahiri ya namna gani. Na historia ikawatendea wakuu wa pande zote mbili kwa ukali uleule: mtaguso uliokutana Constantinople mwaka 553 ulimhukumu Teodori, na katika hukumu zake zilizotufikia limo pia jina la Origene.

Upande wa magharibi, jambo liliamuliwa kwa muda mrefu na watu wawili wa Afrika ya Kaskazini. Wa kwanza ni Tikonio, mtu wa kundi la Wadonati lililojitenga na kanisa kuu, ambaye karibu na mwaka 382 aliandika kanuni saba za kuyafasiri Maandiko. Wa pili ni Augustino, askofu wa Hippo katika nchi iitwayo leo Algeria, ambaye hakuona vibaya kujifunza kwa mtu wa kundi la wapinzani, akazieleza kanuni zile katika kitabu chake na kuzipendekeza kwa wasomaji. Katika kitabu cha 20 cha kazi yake kubwa juu ya Mji wa Mungu, Augustino anakiri kwamba yeye naye hapo kwanza aliishika rai ya miaka elfu. Kisha anafasiri kwamba miaka hiyo ni muda wote wa kanisa, tangu kuja kwa Kristo mara ya kwanza hata atakaporudi. Fasiri hiyo ikatawala Ulaya kwa takriban miaka elfu. Wakati huohuo mmonaki Yohane Kasiano aliwafundisha wanafunzi wake kwamba jina moja laweza kubeba maana nne zisizogombana: Yerusalemu kwa historia ni mji wa Wayahudi, kwa fumbo ni kanisa la Kristo, kwa mambo ya juu ni mji wa mbinguni, na kwa maadili ni nafsi ya mtu. Huo ulikuwa upatanisho wa hekima, kwa sababu ulianza na mji wa mawe kabla ya kupanda mbinguni.

Upatanisho huo ulipovunjika, yale ya Shamu na Ponto yalirudi kwa nguvu mpya. Mjini Münster, Ujerumani, tangu mwaka 1534 hata Juni 1535, kundi la Waanabaptisti liliutwaa mji na kuutangaza kuwa Yerusalemu Mpya. Jan van Leiden akajifanya mfalme, ndoa za wake wengi zikahalalishwa, waliopinga wakauawa, na mwisho wake ukawa njaa na maangamizi. Vizimba vitatu vya chuma vilivyotundikiwa maiti za viongozi wake vingali vikining'inia katika mnara wa kanisa la Mtakatifu Lambert. Wengine walikosea kwa upole, wakiwa na ilimu nyingi: Johann Albrecht Bengel wa Württemberg, aliyezichunguza nakala za Agano Jipya kwa uangalifu mkubwa, alipiga hesabu akaona kwamba mambo makuu yatatokea mwaka 1836, naye William Miller, mkulima Mbaptisti wa jimbo la New York, alizifanya siku 2,300 za Danieli kuwa miaka, akaanza kuhesabu tangu mwaka 457 kabla ya Kristo, akafika mwaka 1843, na wafuasi wake baadaye wakaiweka siku yenyewe kuwa tarehe 22 Oktoba 1844. Usiku wa siku hiyo watu wengi walikesha wakingoja, na kulipopambazuka walilia. Baadhi yao waliyasoma maneno yale upya, wakasema tarehe ilikuwa sahihi, ila patakatifu palipotajwa na Danieli ni pa mbinguni. Na kutoka kwa hao likazaliwa Kanisa la Waadventista wa Sabato, ambalo wamisionari wake walifika Upare mwaka 1903 na Gendia, karibu na Ziwa Viktoria, mwaka 1906. Ndivyo hesabu iliyoanza kwa dhahiri ilivyokimbilia katika maana ya kiroho, na ndivyo ikhtilafu ya kale ilivyofika kwetu.

Mwaka uleule wa 1844, mmisionari Johann Ludwig Krapf, mzaliwa wa nchi ya Bengel, alifika Zanzibar na Mombasa, akawazika mkewe na mtoto wake mchanga, na akaanza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Tangu hapo Maandiko yaliposomwa kwa lugha zao wenyewe, Waafrika nao waliingia katika shauri hili kwa sauti yao. Aya ya Zaburi ya 68 inayoitaja Kushi, yaani Ethiopia, wengi waliisoma kuwa ahadi kwa bara lao, na mwaka 1892 Mangena Mokone alianzisha huko Pretoria Kanisa la Kiethiopia, lililoitoa heshima yake katika ahadi za namna hiyo wakati ambapo watawala wa dunia waliwanyima watu wake heshima yoyote. Wakulima wa Fayumu wangewafahamu. Lakini bara hilihili limeona na upande wa pili. Huko Kanungu, Uganda, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya watu waliangamia kwa moto katika jengo la ibada, baada ya mwisho wa dunia waliotangaziwa kutotokea. Na katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, kuanzia mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu ambao, kwa mujibu wa mashtaka yaliyofikishwa mahakamani, walifundishwa kufunga hata kufa ili wakutane na Yesu. Miongoni mwao walikuwamo watoto, ambao hawakuwa na kauli katika tafsiri yoyote.

Kwa hiyo nasema bila ya kusita kwamba historia hii haimpi ushindi kamili mshika dhahiri wala mshika batini. Aliyeiacha dhahiri yote amemnyang'anya mnyonge ahadi yake, akamwambia kwamba njaa yake, kifungo chake na shamba lake si mambo yanayomhusu Mungu. Na aliyeikataa batini yote amelifunga neno la Mungu katika kalenda yake mwenyewe, na kalenda hiyo, kila ilipowekwa, imemwaibisha. Dhahiri huulinda unabii usigeuzwe kuwa mawazo ya msomaji, na batini huulinda usifanywe hesabu ya mfanyabiashara. Lakini juu ya zote mbili iko adabu, nayo ndiyo iliyokuwapo Arsinoe na kukosekana Münster: kulisoma neno pamoja na wenzako, mchana kweupe, ukiwa tayari kushindwa na hoja, na kumheshimu unayempinga hata akiwa amekwisha kufa. Kila maafa niliyoyataja yalianza kwa mtu mmoja aliyejitwalia haki ya kusoma peke yake na kuwazuia wengine wasimwulize.

Nawasihi basi wahubiri wetu, wa madhehebu yote, wasiwaonee haya waumini wanaouliza, wala wasiyakimbie mashauriano ya wazi juu ya Danieli na Ufunuo. Na nawasihi wazazi wasimkabidhi mtu yeyote watoto wao kwa ajili ya tarehe. Nawe msomaji, akikujia mtu na siku ya mwisho mkononi, mwombe aketi nawe mbele ya ndugu na majirani, Biblia ikiwa wazi kati yenu, tangu asubuhi hata jioni, na siku ya pili, na ya tatu. Na akikataa kuulizwa, usimfuate.